Bibi Dira Anakumbuka Kahawa

Jumatatu, 1 Desemba

Kikao cha familia kwa Carolyne, mjane wa ndugu yangu, hapa Kimbo. Jumamosi tunapeleka ruracio, mahari yetu Wakikuyu, ya mwanawe Mugo. Msichana anaitwa Nzilani, binti ya Mzee Maluki, Mkamba aliyehamia Theta mwezi uliopita akitokea Matuu. Yeye mwenyewe tumeongea naye kwa simu tu, na nyumba yake mpya hakuna anayeijua. Hata Mugo haijui. Yuko kazini Lodwar, atafika Ijumaa usiku.

Swali likawa: gari gani litangulie? Nikanyamaza, kama mtu asiyetaka. Hiyo ndiyo mbinu. Anayetaka hapewi.

Shemeji Njau, ndugu ya marehemu mke wangu Idah, hajui mbinu. Akainua simu yake na kusema Nzilani amemtumia lokesheni, basi gari lake litangulie. Basi ikanibidi nieleze, polepole, kwamba simu iliundwa kwa ajili ya kuongea, na chombo cha kazi mbili huharibu zote mbili. Nikawakumbusha pia kwamba nimefundisha Jiografia hadi nikastaafu. Na kwamba nina Bibi Dira.

Bibi Dira, kwa yeyote atakayesoma haya nikiwa nimekufa, ni kifaa cha kuonyesha njia. Ukubwa wake ni kama kipande cha sabuni. Hubandikwa kwenye kioo cha mbele cha gari, huongea na setilaiti, kisha huongea na dereva. Becky, binti yetu aliyeko Uingereza, alituletea kabla barabara ya Thika haijapanuliwa. Ana sauti ya Kizungu, mpole kama matroni wa bweni. Akitamka "Ruiru" utadhani anasukutua maji. Idah alikuwa akimpakata safari nzima na kubishana naye. "Huyu mama hajawahi kufika hapa," alizoea kusema.

Tabby, binti yangu wa pili, akaniaibisha mbele ya watu. Akasema mwezi uliopita nilikwenda kung'olewa jino Thika nikapatikana Gatundu. Akasema nikipotea tena, hata mara moja, ufunguo wa Datsun anauchukua, na nitakuwa nabebwa kama mkoba. Watu walicheka. Mimi sikucheka. Mtu asiye na ufunguo hungojea mlangoni mpaka wengine wakumbuke kwamba yupo.

Carolyne akaamua: mkubwa atangulie. Njau akainamisha kichwa kwa unafiki. "Sawa, Mwalimu. Tutakufuata mpaka Sudan."

Jumanne, 2 Desemba

Thika, kwa Odhiambo, fundi wa umeme wa magari. Tundu la kiwashio cha sigara halipeleki moto kwa Bibi Dira. Odhiambo alimgeuzageuza, akaita wenzake wote waje kutazama. Akaniuliza, "Mzee, hii uliitoa museum ama wao ndio wanaitafuta?" Vijana wa siku hizi! Lakini alilitengeneza vizuri.

Nilipokuwa nikingoja nilizunguka mjini. Zamani ving'ora vya viwanda ndivyo vilivyokuwa saa yetu. Kikilia cha asubuhi, baiskeli zilijaa barabara nzima, na kila baiskeli ilikuwa na mtu aliyenijua. Leo nimetembea kutoka stendi hadi sokoni, na salamu niliyopata ni moja tu, ya kuuziwa soksi.

Kurudi, nikamwasha Bibi Dira. Yeye hajui kwamba barabara imepanuliwa. Kila mahali anasema mzunguko uko mbele, chukua njia ya pili. Hakuna mzunguko. Kuna daraja juu, magari yakivuma. Lakini mimi naukumbuka! Nilikuwa nikipunguza mwendo kila alipoutaja, kwa heshima. Waliokuwa nyuma yangu hawakuwa na heshima hiyo.

Jumatano, 3 Desemba

Leo mbinu kubwa. Nimekwenda Theta kwa siri kupima njia, ili Jumamosi niendeshe kama mtu aliyezaliwa huko.

Mzee Maluki alikuwa amemwelekeza Carolyne hivi: ukifika kiwanda cha kahawa, uliza lango lenye hema. Nikamwagiza Bibi Dira kiwanda cha kahawa cha Theta. Akakipata mara moja. Njau na simu yake!

Ramani yake yote ni ya kijani. Pale palipo na magorofa na mabango ya ploti, yeye anaonyesha mashamba tupu. Tulipita katikati ya mtaa mpya wenye saluni tatu, na kwake tulikuwa bado tunapita kwenye mibuni. Niliona raha isiyoelezeka. Katika wilaya nzima tumebaki wawili tunaokumbuka.

Akanifikisha kiwanda cha zamani. Ngai! Kimebaki kuta na lile tangi la kuloweshea kahawa, limeota magugu. Pale ndipo nilipomwona Idah mara ya kwanza. Nilikuwa mwanafunzi, nimeajiriwa wakati wa likizo kuandika uzani. Alileta debe lake, nikamsomea kipimo, akaniambia nisome tena, safari hii nikitazama mizani na si yeye.

Nilikaa garini kidogo.

Halafu, hatua chache mbele, lango la kijani likipakwa rangi! Vyuma vya hema vikishushwa! Nilimuuliza mama aliyekuwa akipita na kuni kama hapo kuna ruracio Jumamosi. Akasema ndiyo, na sufuria za kijiji kizima wamekwisha kuziazima. Sikuingia. Mzee wa upande wa kuoa haonekani akichungulia langoni kabla ya siku. Ni utovu wa adabu. Nikabonyeza kitufe cha kuhifadhi mahali, nikarudi nyumbani nikiimba.

Ijumaa, 5 Desemba

Nimeosha Datsun. Njau amepita kuniomba nichukue simu yake kama akiba. Nikamshukuru, nikamweleza kwamba mtu mwenye wake wawili hulala njaa. Akasema hata mwenye mmoja hulala njaa, ikiwa mke mwenyewe hajui jiko liko wapi. Nimeiandika ili nipate jibu baadaye.

Mugo amefika, amechoka, mwenye furaha. Amenibusu mkono. "Baba mkubwa, kesho uko mbele?" Nikasema niko mbele.

Jumamosi, 6 Desemba

Niandike kwa utaratibu.

Tuliondoka Kimbo magari sita. Mbele mimi na Bibi Dira, na wazee wawili nyuma wamelala. Njau akafuata, akiwa na Carolyne na Tabby. Mwisho pikapu ya mbuzi watatu, maana Wakamba wana ntheo yao, na bila mbuzi watatu msichana hajaposwa. Mugo alikuwa kwenye pikapu pia. Bwana harusi hukaa nyuma kwa unyenyekevu.

Tangu tulipopita Juja, Njau alipiga honi bila kukoma. Akawasha na taa. Nikawaambia wazee kwamba hatimaye shemeji ameona furaha ya shughuli. Nami nikampigia honi.

Tulifika mapema! Lango la kijani, hema jeupe, wanawake ndani wamejipanga. Wanawake wetu wakashuka na kuanza kuimba, wa ndani wakajibu, lango likakataa kufunguka kama inavyotakiwa. Njau akaja mbio akisema lokesheni inaonyesha tumeipita nyumba zamani. Nikamwonyesha hema. Nikamuuliza kama simu yake imewahi kuona hema. Akairudisha simu mfukoni. Raha iliyoje!

Mama mmoja wa kwetu akashangaa kwamba Wakamba wanaimba Kikikuyu safi namna ile. Nikaeleza kwamba ni heshima kwa wageni, na tena Maluki ni mtu aliyesoma.

Hapa nieleze desturi, kwa sababu lawama zote zitawekwa kwangu. Langoni hakuna anayetaja jina la msichana. Unasema ulipita njia ukaona ua zuri ndani ya boma, na umerudi kuliulizia. Mwenyeji anasema maua anayo mengi. Unasema unalo moja moyoni. Kutaja jina ni ushamba. Basi nilisema ua, yeye akasema ua, na wote tulikuwa wakweli. Aliuliza kama tumetoka mbali na kama barabara ilitusumbua. Nikajibu ndiyo, kwa yote mawili. Tukampa mbuzi mmoja wa kufungulia lango, tukaingia.

Mugo alijaribu kumpigia Nzilani. Simu imezimwa. Carolyne akasema shangazi za msichana humnyang'anya simu siku kama hiyo. Kweli kabisa!

Tukala mukimo wa viazi na mahindi, kama wa kwetu. Nikasifu mukimo. Nikawekwa meza ya mbele, nikazungumza juu ya kiwanda cha zamani, na mzee mwenyeji akatoa machozi kidogo, kwani naye alichuma kahawa pale. Tuliitaja miti, tukawataja manyapara. Sijapata kikao kizuri namna hiyo tangu Idah anitoke.

Kisha wasichana wakaletwa, wamefunikwa leso kutoka kichwani hadi miguuni, Mugo amtambue wake. Akasimama mbele ya wa kwanza. Akatikisa kichwa. Wa pili. Wa tatu. Watu wakicheka, wakimwambia huyu hata vidole vya mpenzi wake havijui. Akafika wa mwisho. Akanigeukia, uso kama majivu.

"Baba mkubwa, hayupo."

Nikamwambia atazame tena, bila haraka. Akamfunua wa mwisho. Msichana mzuri sana, mgeni kabisa. Msichana akapiga yowe. Na wakati huohuo, langoni, wimbo mpya. Ujumbe mwingine, magari manane, kutoka Nyeri. Wenye ua lao.

Sitaandika yaliyofuata yote. Mzee mwenyeji alikuwa muungwana. Alicheka mpaka akashikwa na kikohozi, akatusindikiza. Mbuzi hatukumdai. Ungemdai vipi? Tulikuwa tumeshamla nusu.

Njau akatangulia. Nyumba ya Maluki ilikuwa karibu na kiwanda kipya cha kahawa, asichokijua Bibi Dira, upande ule mwingine wa barabara, na tulikuwa tumeipita asubuhi tukipungiwa mikono na watoto wake. Tulikuta chakula kimefunikwa, Nzilani amelia mpaka wanja umefika kidevuni, na Mzee Maluki ameketi akiwa amevua koti. Alisema aliyaona magari sita yakipita langoni kwake yakipiga honi. Alidhani tumeghairi na tunamtangazia.

Na mbuzi walikuwa wawili! Carolyne alikaa chini. Mugo hakunitazama. Hilo liliniuma kuliko maneno yote. Njau akatoka na simu yake akarudi na mbuzi. Sijui simu inatoa wapi mbuzi. Tukatozwa faini ya kuchelewa, tukaomba radhi, nami nikasimama nikasema kosa ni langu wala si la kijana. Maluki akavaa koti lake. Halafu akauliza kama kweli tulikuwa tumekula kule, na kama mukimo ulikuwa mzuri kuliko muthokoi wa mahindi aliopika mkewe. Hema likavunjika kwa kicheko. Nzilani akafunikwa leso upya, na Mugo akamtambua kabla hata hajafika mbele.

Jioni, mbele ya gari, Tabby akanyoosha mkono. Nikampa ufunguo.

Jumanne, 9 Desemba

Datsun iko uani. Nimekaa ndani yake kidogo, ikiwa imezimwa. Kutoka kwenye kiti cha dereva naona ukuta wa jirani. Njau amepita, ameniuliza kama nimefika.

Jumapili, 14 Desemba

Tabby amekuja kutoka Kahawa Wendani kunipeleka kanisani Thika kwa Datsun. Nimekaa kiti cha Idah, nikampakata Bibi Dira, kwa kuwa hakuna aliyekataza hilo.

Kabla ya Juja Bibi Dira akasema kushoto. Nikamweleza Tabby kwamba ni mkato, sote tuliutumia zamani. Akakataa. Nikanyamaza, kama mtu asiyetaka. Mwendo kidogo mbele akashusha pumzi. "Haya, Baba. Kushoto basi. Leo tu."

Njia ilianza lami, ikawa kokoto, ikawa udongo, kisha ikafika kwenye lango la chuma na mlinzi aliyetutazama kama tumeshuka kutoka angani. Ni mtaa mpya. Lakini kando ya uzio, haiya! Safu chache za kahawa zimesahauliwa, zimekomaa, nyekundu tele. Tabby alizima gari. Tukashuka. Alichuma tunda moja akalifyonza utamu, akasema hivyo ndivyo mama yake alivyomfundisha, na kwamba hajui alikuwa amelisahau tangu lini. Tulisimama pale kuliko inavyofaa siku ya ibada. Bibi Dira, ndani ya gari, alikuwa akituambia tuendelee mbele.

Tukakwama wakati wa kurudi nyuma. Mlinzi alisukuma, Tabby alisukuma, mimi nilieleza. Tulifika kanisani watu wakitoka.

Sasa ni jioni. Tabby amelala kwenye kochi, viatu vina matope, ufunguo uko mezani. Nimefikiri kwa utulivu, bila upendeleo. Sheria ni yake mwenyewe: anayepotea, hata mara moja, hunyang'anywa ufunguo. Na leo usukani ulikuwa mikononi mwa nani?

Nimeuchukua. Kesho asubuhi Carolyne anataka kupelekwa kwa Maluki, na bado hajui kwamba ni mimi nitakayempeleka. Njia nimeshaipanga. Tutapitia kiwanda cha zamani.