Cheti cha Jazi cha Fikirini

Jumatatu, 7 Julai 1997

Nimeanza chuo kikuu. Au tuseme chuo kikuu kimetufuata: kozi fupi ya cheti cha muziki wa jazi, majuma matatu, kwenye ukumbi nyuma ya stendi, hapa Shinyanga. Kinyozi nimemwambia niko chuo kikuu. Kaninyoa kwa heshima.

Tumekuja wawili kutoka Kahama. Bujiku, mwenye baa pale Nyahanga na mwenye bendi yetu, kasema atakayerudi na cheti ndiye atakayeongoza bendi tukianza kupiga Geita kwa wachimbaji. Mimi napiga gitaa la rithim. Mwenzangu ni Valerian, mpiga tarumbeta, mtu wa kwaya. Anapiga pasi hata soksi.

Mwalimu ni Bi Disha. Kwao ni hapa hapa, wana duka la vitenge, ila yeye alikwenda mbali kusomea saksafoni. Nikamweleza kwa adabu kwamba bendi yetu inaitwa Nyahanga Jazi, jazi naijua tangu ujana, kwa hiyo akinipa cheti leo nitakuwa nimempunguzia kazi. Akaniomba nipige kidogo. Nikapiga. Akasema ni rumba nzuri sana, nikakae kule nyuma.

Valerian kakaa mbele. Kachonga penseli.

Alhamisi, 10 Julai

Siku njema. Mwalimu kasema roho ya jazi ni kubuni papo hapo, kupiga kitu ambacho hakikuandikwa popote. Nikafunga begi. Kama hakikuandikwa, nasoma nini?

Nimelala mchana kutwa kwa Shangazi Mwasiti, ninakofikia. Jioni Amira, mwalimu wa shule ya msingi ambaye ndiye mpiga gitaa bora darasani, kaja kuniarifu kwamba baada ya mimi kuondoka Mwalimu aliendelea. Alisema kwanza lazima uujue wimbo wote, na nota zake, ndipo ubuni. Nimeona hiyo ni hila ya kutuzuia tusiondoke mapema.

Jumamosi, 12 Julai

Mpango mkubwa. Jana nilimwambia Valerian kwamba kipindi cha leo kimehamishiwa Mhunze. Alfajiri kapanda pikapu na tarumbeta lake, kanishukuru, kaenda. Mimi nikaoga, nikavaa shati la kola, nikaenda ukumbini niwe na Mwalimu peke yangu, anione nilivyo na bidii.

Ukumbi umefungwa. Maganga, mlinzi, alikuwa anakula michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, kwenye ngazi. Nikamsalimu kwa Kisukuma, mwangaluka. Nikamuuliza Mwalimu yuko wapi.

"Kaenda Mhunze, ng'wanawane. Kaenda kurekodi wapiga ngoma. Hukuambiwa?"

Nikakaa naye kwenye ngazi. Hakunipa michembe.

Jioni Valerian karudi, vumbi hadi kwenye nyusi, anacheka peke yake. Kumbe Mwalimu alimkuta anazunguka sokoni na tarumbeta, akamchukua, wakapiga na wale wazee wa ngoma mpaka jua likazama. Kasema hajawahi kupata somo kama lile. Kasema hatasahau wema wangu. Kaniletea kuku.

Kuku mtamu. Nimemla kwa uchungu.

Alhamisi, 24 Julai

Kesho mtihani. Kila mmoja atapiga wimbo mmoja, na katikati atabuni peke yake. Sina wasiwasi. Nilimwomba Amira aje hapa nyumbani apige wimbo huo, nikamrekodi kwenye redio kaseti ya Shangazi. Nilimwambia nataka kujifunza kwa kusikiliza. Akafurahi, akasema hatimaye nimekuwa makini.

Redio nitaificha nyuma ya spika. Gitaa nitalizima sauti. Vidole nimevifanyia mazoezi mbele ya kioo, na uso pia. Uso umekubali vizuri kuliko vidole.

Ijumaa, 25 Julai

Mtihani umekwisha.

Mwanzo ulikwenda barabara. Nilibonyeza redio, nikasimama, nikafumba macho. Gitaa la Amira likajaa ukumbini. Maganga aliacha lango akaja kuchungulia. Wimbo ukaisha, watu wakapiga makofi, nikainama. Nikiwa bado nimeinama, spika ikaanza kuongea kwa sauti ya Shangazi.

Kumbe nilipomsindikiza Amira hadi barabarani, sikuzima redio. Shangazi alikuwa na jirani yake.

"Mama Mageni, umemwona? Binti wa watu anapiga, yeye anachezesha vidole hewani mbele ya kioo. Mtoto wa kaka yangu namjua. Gitaa hajui. Tangu aje, hata mbuzi wangu wamehamia kwako."

Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililoniumiza. Amira alitazama chini. Mwalimu alikwenda nyuma ya spika, akazima redio, akarudi kukaa.

"Sasa tusikie la kwako, Fikirini."

Nikafungua sauti. Sauti ya kwanza niliyogusa haikuwa ya wimbo ule. Nikaigusa tena, maana sikujua nyingine iko wapi. Mara Valerian akasimama na tarumbeta, akanijibu kwa sauti ile ile mbovu, akaizungusha mpaka ikawa kama nimeikusudia. Amira akaingia. Mwalimu akachukua saksafoni. Kwa muda kidogo nilisahau cheti, nikasahau Geita. Nilikuwa napiga tu.

Kisha nikafungua jicho moja nione kama Valerian anatazamwa kuliko mimi. Nikapotea.

Vyeti wamepata wenzangu. Mimi sikupata. Mwalimu kaniita pembeni, kasema ile sauti mbovu ndiyo ya kwanza ya kweli niliyopiga tangu nije, nirudi mwakani nianzie hapo.

Valerian ndiye kiongozi wa bendi. Kaniomba nije Geita nipige rithim, kasema bila mimi hatakuwa na wa kujibizana naye. Nimekataa. Mtu wa chuo kikuu hawezi kuongozwa na mtu wa kwaya.

Jumanne, 5 Agosti

Nkome, ziwani. Hewa nzuri, dagaa kila mahali, na hakuna anayenijua. Nimekodi chumba karibu na mwalo, wanakoshushia samaki, na kuandika mlangoni kwa chaki: CHUO CHA JAZI, MKUU WA CHUO FIKIRINI.

Leo kaja mwanafunzi wa kwanza, Mzee Abdulwahab, mfanyabiashara wa dagaa. Umri wa baba yangu. Kavua kofia mlangoni, kasema shikamoo Mwalimu. Nikaitikia marahaba.

Kabeba klarineti aliyoinunua mnadani. Kauliza kama chombo hicho nakifundisha. Nimesema ndicho nilichobobea. Kaniachia niikague, tunaanza kesho asubuhi.

Nimekaa nacho jioni yote. Kina matundu mengi. Nitaanza na la juu.