Maarifa Yasiyo na Mlango

Taifa lijulishwe kwamba maktaba ya Chuo Kikuu cha Safu za Upare imeacha kuwa maktaba. Kuanzia muhula huu ni Kituo cha Mawasiliano ya Kimkakati na Sayansi Huria, na kaulimbiu yake, iliyochapwa kwenye fulana, vikombe na ukuta wote unaotazama barabara ya Same, ni "Maarifa Yasiyo na Mlango". Chini ya maneno hayo pamewekwa mlango mpya wa chuma, kwa kuwa ule wa mbao haukulingana na hadhi ya uzinduzi. Ufunguo ni mmoja, na anao Mkurugenzi.

Mkurugenzi huyo, Dokta Hezroni, alikuwa akilala na kuamka na jambo hili mwaka mzima. Zamani, alisema, maktaba ilikaa kimya kungoja wasomaji. Sasa itazungumza na jamii. Kwa ajili hiyo alifungua kundi la WhatsApp la mjadala wa wazi, ambamo yeye peke yake ndiye aliyeruhusiwa kuandika, na mjadala ukaenda vizuri sana. Tafiti zote za chuo zilipakiwa kwenye mfumo ili kila mtu azisome bure, mara tu mgeni rasmi atakapobonyeza kitufe. Kabla ya hapo zilifungwa, maana sayansi iliyokwisha kusomwa haizinduliki.

Wiki moja kabla ya siku yenyewe, akateremka Eliwaza kutoka mlimani. Alikuwa mwenyekiti wa kamati ya ndiva ya kijiji cha juu, lile bwawa la wazee linalojaa usiku na kufunguliwa asubuhi kumwagilia mashamba. Alimzidi Dokta umri kwa mbali, lakini Dokta, akiwa kazini, alingoja asalimiwe yeye.

"Ndiva yetu inavuja, mwanangu," alisema Eliwaza. "Asubuhi tunaikuta nusu, na maharage yanatufia shambani. Vijana wenu waliipima mwaka jana kwa vyombo vyao, wakala makande yetu, wakasema wameandika ufa uko wapi. Naomba nione tu."

"Mama, utafiti huo ni huria," Dokta alimweleza kwa upole. "Ndiyo maana huwezi kuupata."

"Hapo sijakuelewa."

"Tukikupa wewe kwanza, tutakuwa tumeubagua umma."

"Kwani mimi ni nani?"

"Wewe ni mdau."

Doreen, mkutubi msaidizi, aliinama akanong'ona, "Bosi, si nimtolee kurasa mbili tu?" Dokta alisikitika sana. Akampangia semina ya maadili siku ileile ya uzinduzi, huko Mwanga, simu zikiachwa mlangoni. Kisha akamwagiza fundi aongeze kufuli kwenye mfumo: anayetaka utafiti wowote kabla ya kitufe kubonyezwa, hata awe nani, aombe kibali cha Mkurugenzi, na Mkurugenzi akitoe kwa kompyuta ya ofisini kwake, si kwingineko. Hakuacha upenyo. Usiku huo alilala usingizi mtamu.

Siku ya uzinduzi turubai lilipambwa, ngoma ikapigwa, na mgeni rasmi, mheshimiwa mwenye mwili wake, akaomba kwenda msalani. Alikawia. Alipotoka, mikono ilikuwa na povu la sabuni hadi viwikoni.

"Maji yamekatika," alisema. "Na mimi kitufe sibonyezi hivi."

Hapo ndipo ilipokumbukwa kwamba chuo kinakunywa maji ya mfereji wa ndiva ileile. Mpango mkakati haukuwa umeligusia hilo.

Dokta alipanda mlima kwa gari la chuo hadi njia ilipoishia, kisha kwa miguu, suti na yote. Aliikuta ndiva tupu. Kijiji kizima kilikuwa tumboni mwake, kikipapasa ukuta kwa vidole kutafuta ufa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu msaragambo, kazi ya kijiji kizima." Eliwaza akampa karai la udongo. "Anayekunywa maji haya huja baragumu likilia. Nyie huko chini huwa hamlisikii?"

"Mama, nifungulieni maji kidogo. Mgeni ana povu mikononi!"

"Tufungue nini, baba? Tukiupata ufa leo, tunaziba leo, na kesho asubuhi mgeni wako atanawa. Tusipoupata, tunabomoa ukuta wote."

Uso wa Dokta ukang'aa. Kumbe dawa anayo mfukoni! Alichomoa simu, akainua mkono kutuliza watu, akaandika nywila yake. Mfumo ulimkaribisha kwa jina na cheo, ukamshukuru kwa kuunga mkono sayansi huria, ukamshauri aombe kibali cha Mkurugenzi.

Eliwaza alikuwa akichungulia begani.

"Mkurugenzi si wewe?"

"Ni mimi."

"Basi jipe."

"Sipo ofisini."

"Mpigie yule binti akakubonyezee."

"Yuko semina. Simu wameziacha mlangoni." Akapapasa mfuko mwingine, akautoa ule ufunguo wa mlango wa chuma, akautazama, akaurudisha.

Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Alivua koti, akakunja suruali, akashuka topeni. Simu ikalia mara moja: ombi lake limepokelewa, na Mkurugenzi atalishughulikia mara atakaporejea ofisini.

"Wewe anza kupapasa kona ile," Eliwaza alimwelekeza, "mdau."