Saa Thelathini za Bwana Sekunde

Simu ya tano wiki hiyo ilitumbukia kwenye zege saa tatu na nusu asubuhi. Kwa bahati mbaya ya mwenye simu, na bahati njema ya mtu mwingine kabisa, Sekunde alikuwa anapita nje ya uzio.

Hakuwa na shughuli yoyote pale, alikuwa anatafuta kivuli tu. Lakini aliposikia mama mmoja anafoka mle ndani, akasimama na kutega sikio. Sekunde alishajifunza kwamba mtu anayefoka ana shida, na mwenye shida hana muda wa kuchunguza anachouziwa.

"Nimechoka mimi!" mama yule alikuwa anasema, kofia ngumu ya njano kichwani, mikono kiunoni. "Anayechanganya hajui zege limekaa muda gani, aliye juu hajui muda wa kushuka, kila mtu mpaka achungulie simu, na simu zenyewe zinakufa kama kuku! Kuanzia sasa simu zote stoo. Nitawanunulia saa za mkononi. Saa za kazi, sio za harusini. Zisizo na bei mbaya, zisizoogopa maji, vumbi wala kugongwa. Nani anajua zinapouzwa?"

Wafanyakazi thelathini wakatazamana. Hakuna aliyejua. Mtu pekee aliyejua alikuwa nje ya uzio, na alikwisha kuondoka kwa hatua ndefu.

Tumtendee haki: Sekunde halikuwa jina alilopewa na wazazi wake. Alipewa na wateja. Sekunde moja yuko mbele yako anamwaga maneno matamu, sekunde ya pili umebaki na pasi isiyopata moto, au redio inayokamata stesheni moja tu, ya mvumo.

Alikwenda moja kwa moja kwa mzee mmoja fundi saa, mwenye kibanda kwenye kona ya stendi.

"Shikamoo mzee wangu. Nataka saa ngumu kuliko zote za bei ya chini."

"Marahaba." Fundi alimtazama juu ya miwani, akatoa saa moja nyeusi, nene, isiyo na urembo wowote. "Watu wananunua mng'ao, halafu wananiletea vipande. Kazi ngumu haitaki saa nzito ya chuma, maana ikianguka uzito wake wenyewe ndio unaoivunja. Hii ni plastiki ngumu. Kioo, unaona? Kimezama chini ya ukingo, ukiibamiza ukutani unaoumia ni ukingo. Mkanda wa mpira, haunywi jasho. Nyuma imekazwa kwa skrubu nne. Vitufe viwili tu, maana kila kitufe ni mlango wa maji. Na namba kubwa, uone hata ukiwa na vumbi machoni."

"Nipe," alisema Sekunde.

"Ngapi?"

"Moja."

Akavuka barabara, akaingia kwa jamaa wa jumla anayeuza bidhaa ambazo hata yeye mwenyewe hazivai, akanunua saa thelathini zinazofanana na ile. Kwa mbali zilikuwa mapacha. Kwa karibu zilikuwa binamu waliokosana. Ili kuzipata, Sekunde aliuza feni yake, redio yake nzima iliyokuwa inakamata stesheni zote, na kitanda. Godoro alibaki nalo, kwa heshima.

Kesho yake asubuhi alikuwa ndani ya uzio, shati limenyooka, mfuko begani.

Yule mama, ambaye wafanyakazi wote walimwita Shangazi, alikuwa mkandarasi mwenye jengo lile la ghorofa tatu mikononi mwake. Alikuwa mnene, mtaratibu siku asipofoka, na alikuwa na tabia ya kutikisa kichwa kukubali kila unachosema, tabia ambayo ilimfurahisha Sekunde kupita kiasi.

"Shangazi yangu, nimesikia tu kwa watu kwamba unateseka. Nikasema hapana, mama kama huyu hatateseka mimi nikiwepo. Chagua saa yoyote humu ndani. Yoyote! Tuiue pamoja."

Shangazi akaingiza mkono kwenye ule mfuko, akatoa moja ikiwa ndani ya nailoni yake.

"Lete nikutolee nailoni," alisema Sekunde, na kati ya kutoa nailoni na kufuta vumbi, saa ya Shangazi ilirudi mfukoni na ile ya fundi ikatokea kiganjani. Vidole vya Sekunde vilikuwa vyepesi kiasi kwamba, kama angevitumia kushona, angekuwa tajiri kwa halali.

Wakairusha kutoka ghorofa ya pili. Ikadunda kwenye kokoto, ikapata mkwaruzo mdogo ukingoni, basi. Namba zake zilikuwa zinahesabu kama kawaida. Wafanyakazi wakapiga makofi.

Shangazi akachagua ya pili. Ikatolewa nailoni kwa upole uleule, ikatupwa kwenye ndoo ya maji, ikakaa humo muda wa watu kunywa chai. Ikatoka inafanya kazi. Akachagua ya tatu. Toroli lililojaa mchanga likapita juu yake, mbele na nyuma.

"Ee!" alisema Shangazi, akitikisa kichwa. "Saa nimezikubali, mwanangu. Nachukua zote thelathini."

Moyo wa Sekunde ukaruka kama aliyeitiwa mlo.

"Ila," aliendelea Shangazi, "majaribio ya dakika kumi ni mchezo. Kazi ni wiki. Nichague moja, nimpe Mheshimiwa hapa aivae mpaka Jumamosi. Ikitoka salama, hela yako yote mkononi."

Mheshimiwa alikuwa msukuma toroli mwembamba, mwenye lugha laini mno kwa mtu anayebeba kokoto. Alinyoosha mkono wake na kusema, "Itakuwa heshima kubwa kwangu." Na Shangazi, bila kungoja nailoni wala vumbi, akaanza kuingiza mkono mwenyewe kwenye mfuko wa saa.

Sekunde akauvuta mfuko wake nyuma. "Hapana, Shangazi! Mheshimiwa... mkono wake mwembamba, mkanda utacheza. Itakuwa sio majaribio ya haki." Akatafuta neno, akalikosa, akatoa lililokuwa karibu. "Nitaivaa mimi mwenyewe!"

"Wewe? Na hii kazi unaiweza?"

"Shangazi, mimi nimekulia kwenye zege."

Uongo mwingine huwa unamgharimu mteja. Huu ulimgharimu mwenyewe. Dakika tano baadaye alikuwa amevaa ile saa ya fundi, buti za mpira zinazombana, kofia ngumu inayomwangukia machoni, na toroli mbele yake.

"Malipo ya kazi?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Majaribio hayalipwi, baba. Utakula mchana na wenzako."

Siku ya kwanza viganja vilitoka malengelenge. Siku ya pili malengelenge yalipasuka. Siku ya tatu alibeba ndoo za zege ngazi hadi ngazi, mgongo umepinda kama kulabu, akijifariji kwa hesabu moja tu: siku zilizobaki mpaka Jumamosi. Alifikiria kutoroka, tena si mara moja. Lakini feni imeshakwenda, redio imeshakwenda, kitanda kimeshakwenda, na mnunuzi mwingine wa saa thelathini kwa mpigo hakuwahi kumwona.

Saa, kwa upande wake, ilikuwa inaishi raha mustarehe. Ilizamishwa kwenye zege, ikaoshwa kwa maji na kurudi kazini. Ilibamizwa kwenye nguzo. Siku ya nne tofali lilimponyoka fundi wa juu, likamkosa Sekunde kichwani na kumgonga mkononi, juu ya saa. Sekunde alipiga yowe. Saa haikusema kitu.

Hapo ndipo lilipomtokea jambo ambalo halikuwahi kumtokea maishani. Mchana huo, wamekaa kivulini wanakula, mfanyakazi mmoja alimuuliza, "Lakini hii saa ina siri gani?" Na Sekunde, aliyechoka kupita uwezo wa kudanganya, akajibu ukweli.

"Tazama kioo, kimezama. Lile tofali lilipiga ukingo. Na ni nyepesi; ingekuwa ya chuma ingenivunja mfupa. Huu mkanda, siku nne za jasho na saruji, haujanichubua. Nina shangazi zangu wa damu walionichubua zaidi. Namba hizi nazisoma hata macho yakiwa yamejaa vumbi. Jamani, ukitaka saa ya kazi, usinunue nyingine. Nakwambieni kama ndugu."

Alishangaa kujisikia anaongea. Alikuwa anauza, na kila neno lilikuwa kweli. Hata ladha yake mdomoni ilikuwa ngeni.

Shangazi alikuwa amekaa pembeni juu ya mfuko wa saruji. "Mwanangu, umejulia wapi mambo yote haya?"

"Si yule mzee fundi wa kona ya..." Akajiuma ulimi. "Nimesoma, Shangazi. Nimesoma tu."

Shangazi akatikisa kichwa kama kawaida yake.

Jumamosi saa sita mchana kazi ilisimama. Sekunde alinawa, akachana nywele, akashika mfuko wake. Shangazi akatoka stoo na boksi, akaliweka juu ya meza ya mbao, akaanza kuita watu mmoja mmoja. Kila aliyekwenda alirudi na saa mkononi. Nyeusi, nene, skrubu nne nyuma.

Sekunde alitazama boksi. Akatazama mfuko wake, uliokuwa bado mzito vilevile.

"Shangazi... hizo umezitoa wapi?"

"Kwa mzee fundi wa kona ya stendi. Mtu mzuri. Kwa thelathini kanipunguzia na bei."

"Na zangu?"

Shangazi akasukuma ndoo ya maji kwa mguu mpaka mbele yake. "Chagua moja humo mfukoni mwako, baba. Yoyote. Itumbukize mwenyewe. Ikitoka hai, nanunua zote."

Sekunde aliitazama ile ndoo kama mtu aliyeambiwa aruke yeye. Kisha mabega yakashuka.

"Ulijua lini?"

"Saa ya kwanza ilipoanguka ilipata mkwaruzo. Ya pili niliichagua mwenyewe mfukoni mwako, mpya, ndani ya nailoni, ikaingia majini na mkwaruzo uleule. Ya tatu vilevile. Nikasema, huyu kijana ana takataka thelathini na saa moja ya ajabu. Sasa saa ipi hiyo, na inadumu kweli? Nikakuacha unijibu."

"Kwa wiki nzima! Bure!"

"Ulitaka kuvaa mwenyewe. Kuna aliyekulazimisha?"

Mheshimiwa akakohoa kwa adabu. "Usiumie sana, ndugu yangu. Mimi nilikuja hapa kuuza kofia ngumu. Niliahidi kwamba tofali haliwezi kuzipasua."

"Ikawaje?"

"Nikavaa." Akainamisha kichwa, akaonyesha kovu dogo utosini. Watu wakacheka mpaka vyombo vya chakula vikaanguka, na Sekunde, alivyokuwa na hasira, akajikuta na yeye anacheka, mkono kiunoni kwa ajili ya mgongo.

"Jumatatu nafasi ipo," alisema Shangazi. "Ya kulipwa, safari hii. Unafanya kazi vizuri ukiwa unasema kweli."

"Nitafikiria," alijibu Sekunde kwa heshima zote zilizobaki, akatupa mfuko begani na kuondoka. Hatua zilikuwa fupi, kila mfupa ukitoa hoja yake.

Getini alikutana na kijana mmoja, shati limenyooka, viatu vinang'aa, kashika begi kubwa. Glavu za ngozi zilichungulia kwenye zipu.

"Za saa hizi, kaka," alisema kijana yule, akipunguza sauti. "Nasikia humu kuna mama mkandarasi anatafuta glavu za kazi. Vipi, ni mtu mgumu?"

Sekunde alimtazama. Alitazama vile viganja laini, visivyo na hata alama. Angeweza kusema neno moja tu na kumwokoa.

"Mgumu? Huyo mama? Mlaini kama pamba," alisema. "Kila unachomwambia anatikisa kichwa."

"Na ananunua?"

"Usiniulize mimi. Ingia."

Akaweka mfuko wake chini, akamfungulia geti kwa mikono miwili, mpaka mwisho.