Jua la Miaka Arobaini na Mmoja

Jumatatu, tarehe 2 Machi

Niwie radhi, shajara. Miezi minne sijakufungua. Sababu ni ile biashara ya sungura, ambayo sitaieleza, na wanaoijua naomba wainyamazie.

Leo nina jambo la maana. Nitaweka paneli za jua juu ya paa. Si kwa kushindana na mtu. Ni kweli kwamba Shemeji, kaka wa mke wangu, tunayepakana naye ukuta kwa ukuta, ameweka zake tangu Januari. Ni kweli pia kwamba kila asubuhi hunisalimu akiwa amesimama chini yake kama mtu aliyeliumba jua. Lakini sishindani.

Muuzaji alikuja Jumamosi. Watu wanamwita Mama Paneli. Mwanamke wa kauli nzito, anatembea na ngazi yake mwenyewe. Gharama: milioni tatu. Amana: laki tatu, nikalipa papo hapo. Nisipopata mkopo wa kumalizia kufikia tarehe 14, amana hairudi.

Laki tatu hizo nilizitoa kwenye mkoba ambamo mke wangu huweka akiba ya kununulia oveni mpya ya mikate yake, ile anayoiuzia duka. Nimeazima tu. Sijamwambia kwa sababu hajauliza.

Leo amekuja afisa mikopo wa chama chetu cha akiba. Akasoma mita, akatazama ankara zangu, akapiga hesabu, akaniangalia kwa huruma. Natumia umeme wa elfu sita kwa mwezi. Kwa hiyo paneli zitarudisha gharama yake baada ya miaka arobaini na mmoja na miezi minane. Nina umri wa miaka sabini na mmoja. Akaniuliza kwa upole kama nina mrithi.

Hii ndiyo tuzo ya mtu aliyezima taa maisha yake yote! Nilipokuwa naibu mwalimu mkuu nilizizima za shule nzima. Hapa nyumbani sebule na chumba cha kulala hutumia balbu moja, ambayo huhamishwa.

Chama hukopesha paneli zinazojilipa ndani ya miaka saba tu. Maana yake ni kwamba ankara yangu lazima ifike elfu thelathini na sita kwa mwezi. Nikamwambia afisa kwamba siku za karibuni hatukuwa na matumizi ya kawaida. Akakubali kurudi baada ya siku kumi aisome mita upya. Siku kumi, umeme wa elfu kumi na mbili. Rahisi. Mpumbavu yeyote anaweza kupoteza umeme.

Jumanne, tarehe 3 Machi

Si rahisi.

Nimenunua balbu sita. Nikaziwasha zote saa sita mchana. Nikatoka kuitazama mita. Niliporudi, zote zimezimwa. Mke wangu! Miaka arobaini na sita nimemfundisha kuzima taa, na kumbe amehitimu.

Akauliza kama naumwa. "Mzee, jua lote hili la kuanikia unga, wewe umewasha taa! Unamtafuta nani?" Nikasema macho yangu yanahitaji mwanga. Akaniletea miwani.

Nikaziwasha tena. Akazizima tena. Hadi jioni tulikuwa sare.

Alhamisi, tarehe 5 Machi

Nimepiga pasi. Mashati, mashuka, mapazia, vitambaa vya jikoni, soksi, hatimaye magazeti ya mwaka jana. Mita inakwenda mwendo wa kinyonga.

Nikaenda kuazima hita ya umeme kwa Shemeji. Akastaajabu. "Shemeji, kwa joto hili watu wanalala barazani, wewe unalitafutia mwenzake?" Nikasema ni baridi yabisi. Akacheka mpaka akashika ukuta. Akanipa hita, akaongeza kwamba yeye mambo ya umeme wa kulipia ameshayasahau, siku hizi anatumia jua, bure. Neno "bure" alilitamka mara tatu. Milioni nne alizolipa hakuzitaja hata mara moja.

Nimekaa sebuleni na hita, nimevaa fulana peke yake, jasho tiriri. Mke wangu akachungulia, akafunga mlango taratibu, kama mtu anayetoka wodini.

Jumamosi, tarehe 7 Machi

Mungu si Athumani! Mawingu siku ya pili leo. Betri za Shemeji zimekwisha kabisa. Mama Paneli, aliyekuwa akipita, akanieleza sababu: Shemeji alishikilia paneli zielekezwe barabarani, wapita njia wazione. Jua linazipita ubavuni.

Amekuja kuomba kuchaji simu. Nikampokea kama mfalme. Lakini simu hula nini? Nikamwambia alete jokofu. Akadhani namdhihaki. Nikaenda na toroli mwenyewe, tukalileta, samaki na maziwa ndani, nikalichomeka jikoni. Akaniita ndugu wa kweli. Akasema amenidhania vibaya miaka yote hii. Machozi yalimlengalenga.

Mimi nilikuwa naitazama mita. Inazunguka!

Jumatatu, tarehe 9 Machi

Siku mbaya.

Oveni ya sasa ya mke wangu, ile ya gesi ambayo mlango wake umefungwa kwa waya, imeunguza mikate arobaini. Duka limeikataa yote. Hakulalamika. Akaoga, akavaa viatu vyake vizuri, akachukua mkoba akanunue oveni mpya. Mkoba mtupu.

Nikaeleza. Nilieleza kwa mpangilio: gharama, mkopo, faida ya muda mrefu. Alikaa kitini, mkoba mapajani, kisha akauliza jambo moja: nilijua oveni anayoitaka ni ya namna gani? Nikajibu kwamba oveni ni oveni.

Akasema ni ya umeme. Dukani walimwambia itakula umeme wa elfu thelathini na tano kwa mwezi.

Nikapiga hesabu. Elfu sita na elfu thelathini na tano. Elfu arobaini na moja. Inatosha na kubaki. Angenunua oveni yake, mkopo wangu ungepita bila hita, bila pasi, bila samaki wa watu jikoni kwangu.

"Umeuza jiko ukanunue moshi," akasema.

Analala chumba cha wageni. Ameondoka na balbu zote saba.

Alhamisi, tarehe 12 Machi

Nimefaulu! Afisa amesoma mita. Elfu kumi na mbili na mia sita kwa siku kumi. Paneli zitajilipa kwa miaka sita na miezi saba. Nikampa mkono. Akasema ngoja kwanza, Mwalimu, akafungua ukurasa wa pili.

Sikujua kwamba kuna ukurasa wa pili.

Pensheni yangu ni laki moja kwa mwezi. Ankara ya umeme na rejesho la mkopo kwa pamoja havipaswi kuzidi nusu yake. Rejesho ni elfu thelathini na nane. Kwa ankara ya elfu sita ningeweza kulipa. Kwa ankara hii mpya siwezi. Nikamwambia paneli zikishawekwa ankara itapotea. Akasema anaelewa, ila fomu haina mahali pa kuandika hivyo. Basi turudi kwenye elfu sita, nikasema. Akasema hapo tutarudi kwenye miaka arobaini na mmoja.

Kwa hiyo nikiweza kulipa, sistahili. Nikistahili, siwezi kulipa. Nilitaka kumgombeza. Lakini nilimfundisha mwenyewe, darasa la saba, kufuata maagizo ya mtihani neno kwa neno.

Zimebaki siku mbili, kisha laki tatu za mke wangu ziende na maji. Sikula.

Jumamosi, tarehe 14 Machi

Mke wangu aliondoka saa mbili asubuhi na stakabadhi ya amana. Hakuniambia aendako. Nilikaa uani nikihesabu vigae.

Alirudi adhuhuri na Mama Paneli, wanacheka kama waliosoma pamoja. Stakabadhi sasa ina jina lake. Mkopo ni wake, umepita asubuhi hiihii, oveni ya umeme imejumuishwa humohumo. Ataoka mchana, jua likiwa kali, kwa hiyo karibu umeme wote wa paneli utaliwa na mikate. Afisa amesema hajawahi kuona ombi safi kama lile. Mauzo yake ya mikate ni mara mbili ya pensheni yangu. Sikujua. Hajaniambia kwa sababu sijauliza.

Nikasema kwamba, kwa vyovyote, wazo lilikuwa langu. Mama Paneli akashika ngazi yake akatazama pembeni. Mke wangu akasema, "Ndiyo, Baba. Na hita urudishe leo."

Jumatano, tarehe 18 Machi

Paneli ziko juu. Zinatazama jua, si barabara. Shemeji alikuja kuchukua jokofu lake, akazitazama, akamwomba dada yake, si mimi, amweleze namna ya kuzigeuza zake. Oveni inafanya kazi tangu asubuhi. Mikate mia na ishirini, hakuna hata mmoja ulioungua. Mimi naruhusiwa redio baada ya saa kumi jioni.

Sina kinyongo. Nimetafakari, na nimeona kosa lilipokuwa: nililenga juu mno. Jua liko mbali. Mvua huja yenyewe hadi mlangoni.

Nimezungumza na muuzaji wa matangi ya maji. Laki nane. Amana nimemwachia saa ya mkononi niliyopewa nilipostaafu. Afisa mikopo amekuja akaisoma mita ya maji, akatikisa kichwa: tunatumia maji kidogo mno, tangi halitajilipa. Lakini safari hii nina uzoefu. Nimekwisha kufungua mabomba yote matatu, na lile la bafuni nimelifungua hadi mwisho.

Mke wangu anaita kutoka jikoni, anauliza ni nani anayeoga mchana kutwa. Chama kitatoa uamuzi wiki ijayo. Utakapotoka, shajara, nitakuandikia siku hiyohiyo.