Mbwa wa Madoa na Kiti cha Gari la Farasi

Jumatatu, 4 Mei 2026

Mjukuu wangu Jocelyne anaolewa Jumamosi, kisha anahamia Durban. Wamekodi gari la farasi. Sikusoma sana, lakini kuhesabu viti najua: vitatu! Bibi-arusi, bwana-arusi na Léocadie, nyanya wa bwana-arusi. Eti magoti yake mabovu! Mimi nipande kombi pamoja na sufuria. Kwetu Uvira, aliyekulea ndiye anakufikisha kanisani. Nani alimbeba mgongoni? Nitapanda gari lile.

Jumanne, 5 Mei

Thabo, mwendesha gari, amenionyesha picha ya zamani. Mbwa mweupe wa madoa meusi anakimbia kando ya gurudumu. Mbwa wa aina hiyo anaitwa Dalmatia. Kule alikokwenda Tito! Mbwa wa Biblia! Kazi yake kulinda farasi. Nikauliza, farasi mkubwa vile anaogopa nini? Thabo akacheka. Sijaelewa. Lakini mwenye kuleta mbwa lazima akae karibu naye, au siyo?

Alhamisi, 7 Mei

Yasini, mlinzi wa nyumba huko Randburg, ameniazimia mbwa wa bosi wake. Bosi amekubali. Eti mbwa huyo alizaliwa mweupe pee, madoa yakaja baadaye. Na hawakumpeleka kwa daktari! Nimemlisha maini kutwa, anizoee mimi tu.

Jumamosi, 9 Mei

Mungu wangu! Nilipanda wa kwanza. Mbwa akaninusa, akanyamaza, akalala kando ya gurudumu. Léocadie akaja. Akabwekewa! Bwana-arusi, akabwekewa! Jocelyne na shela lake, ndiyo zaidi! Thabo akasema ndiyo kazi yao tangu zamani, kulinda gari lisiibiwe. Nani anaiba? Mimi si nimo ndani? Léocadie akasema niteremke nimshike mbwa. Niteremke, apande yeye? Eish! Pasta Hénock akapiga simu, saa imepita. Tukaondoka. Mimi peke yangu, napungia mtaa wetu wote wa Alexandra mkono, mbwa anakimbia pembeni kama askari. Bibi-arusi na bwana-arusi nyuma, ndani ya kombi, katikati ya sufuria. Na Léocadie. Nimeambiwa yeye na Jocelyne walishikana mikono njia nzima!

Jumapili, 10 Mei

Jocelyne ameondoka. Alinikumbatia, akasema, koko, bibi yangu, ungeomba tu, kiti ningekupa. Nimelia mpaka kitambaa kimelowa. Kuomba tu! Mtoto hajui dunia.

Mdogo wake Shekinah anaolewa Desemba. Nimeshampigia Yasini. Safari hii mbwa wawili: mmoja wa gari, mmoja wa mlango wa kombi. Léocadie atakwenda kwa miguu.