Medali ya Tarehe Thelathini Februari

Mheshimiwa Gavana wa Jimbo, uliyetuma udhuru, Mheshimiwa Mwakilishi wa Gavana, uliyetuma udhuru pia, Baba Mchungaji, wajumbe wa Kamati ya Medali ya Mfalme, Bibi yetu Alfhild Norrby, uliyepiga kengele ya kanisa tangu usichana wako na leo una miaka tisini na sita, wananchi wa Skarvboda, itifaki imezingatiwa. (Makofi ya watu wawili.)

Kamati hii, chini ya uongozi wangu mahiri, mimi Sixten Hallenborg, iliundwa miaka kumi na moja iliyopita kwa lengo mahususi la kutoa medali ya fedha yenye sura ya Mfalme wa karne tatu zilizopita, kukumbuka siku alipoipa Skarvboda hadhi ya mji, na kwa kauli moja tukapitisha kwamba avikwe Bibi Alfhild. (Bibi Alfhild: "Basi nivisheni kabla sijafa!" Kicheko.)

Subira, Bibi. Changamoto ni tarehe. Serikali ya wakati ule, katika mchakato wa kuhama kalenda ya zamani kwenda ya majirani, iliruka siku moja, ikasahau kuruka nyingine, ikawa haipo kwenye kalenda hii wala ile. Mshika mbili moja humponyoka, serikali yetu zikaiponyoka zote. Ili kurudi ilikotoka, mwaka 1712 ikaongeza siku: tarehe thelathini Februari. Na utafiti wetu umethibitisha, kwa asilimia mia moja na nne, kwamba hadhi yetu ilitolewa siku hiyohiyo! (Mguno.)

Kanuni inataka medali ivikwe siku yenyewe ya kumbukumbu. Tunaisubiri. Kila mwaka tunafika karibu sana. (Torkel muuza samaki: "Sixten, mpe leo, yaishe!") Ndugu Torkel, tukiruhusu hayo, kesho utataka tule maandazi ya krimu ya kukaribisha Kwaresma kabla ya Krismasi. (Torkel: "Mbona mkeo ameshanunua sita, na Krismasi bado?" Kicheko kirefu. Mwenyekiti anakunywa maji.)

Nahitimisha. Tarehe kwanza! (Mtu anapiga miayo.) Medali baadaye! (Mtu anakohoa.)

Namshukuru mchongaji, ambaye kwa uzalendo hajagusa patasi, maana hawezi kuchonga siku isiyokuja. Namshukuru mfua fedha, ambaye hajafua kitu. Na Ikulu, ambayo haijawahi kutusikia. Shukrani za pekee kwa duka la peremende la Bi Solveig, lililotuazima hicho kinachoning'inia kifuani mwa Bibi Alfhild kwa ajili ya picha, yaani chokoleti ndani ya karatasi ya kung'aa, ambayo tunaomba irudishwe ikiwa nzima mara tu... Bibi? Bibi Alfhild?

(Bibi Alfhild, akitafuna: "Endelea, mwanangu. Nakusikiliza." Ukumbi mzima unasimama na kushangilia.)