Waranti ya Fundi Nickolaus

Alhamisi, 8 Mei 2025
Gari langu, Noah, limezimika tena. Safari hii mbele ya kanisa, watu wakitoka misa ya asubuhi. Aibu. Fundi Nickolaus kalivuta hadi gereji kwake, kasema kontrol boksi, ile ya kuongoza umeme wa injini, imeungua, inatakiwa mpya. Mke wangu Valeria kashauri nidai ile ya zamani mkononi, na waranti iandikwe kwenye risiti. Ushauri wa kawaida mno. Mimi nina mbinu: nitajificha ndani ya gari, nimkamate akidanganya.

Jumamosi, 10 Mei
Nimeingia gereji asubuhi kupitia upenyo wa uzio. Nikajilaza nyuma ya viti, chini ya magunia matupu ya mpunga. Joto. Pumba puani. Hakuna aliyekuja. Hata kuku wa jirani hawakulia.

Mchana mvua ikanyesha, ikakata. Boneti ikafunguliwa. Mtu akawa anafanya kazi polepole, akiimba kwa pua wimbo wa kanisani. Kisha akasema, taratibu: "Boksi ni nzima, Beatus. Waya wa betri umelegea."

Jina langu! Nilikuwa sijakohoa hata mara moja.

Nilipochungulia, boneti ilikuwa imefungwa. Geti lina kufuli kwa nje. Tope laini uwanja mzima, halina unyayo wa mtu.

Jumapili, 11 Mei
Gari linawaka kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi. Nickolaus kasema jana gereji haikufunguliwa, wote walikuwa kijijini Mkula kumzika Fundi Sylvanus, mwenzake wa zamani. Valeria anamkumbuka marehemu: hakuwahi kumdanganya mteja, ndiyo maana wawili hao walitengana.



Nickolaus, bila kupepesa macho, akadai boksi mpya aliifunga Ijumaa. Ningebishaje? Ningesema nilikuwa wapi jana? Nikalipa. Waranti kanipa ya mdomo, ya maisha.

Jumatano, 14 Mei
Gari linakwamakwama. Nickolaus kasema ni pampu ya mafuta, na pampu haimo kwenye waranti. Nikaomba nifikirie kidogo. Nikazunguka nalo peke yangu barabara ya Mlimba. Mkanda wa kiti cha abiria ukajivuta, ukajifunga. Sauti ileile ya Jumamosi ikanong'ona hapo pembeni kwamba pampu haina ubaya, nisafishe chujio la mafuta tu.

Nimerudi gereji, nimemwachia Nickolaus ufunguo afunge pampu mpya. Sylvanus anaijua kazi, sibishi. Lakini marehemu hawezi kunipa waranti.